Gari la fisi na "idara zisizozalisha"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala yenu ya biashara ya hivi karibuni, yule aliyezishauri kampuni za utalii za Kanda ya Kaskazini zibane matumizi kwa kuanza na alichokiita "idara zisizozalisha". Humo kawaweka wachoraji, wapiga picha, waandika vipeperushi na "watu wa ubunifu kwa ujumla", akawafunga fungu moja na chai ya ofisini na maua ya mapokezi. Madereva kawaacha, wapishi kawaacha, wahasibu ndiyo kabisa hakuwagusa. Sisi tu.

Mimi ni mchora mabango wa Ngarenaro, Arusha. Nimeandika majina ya maduka, bucha, saluni, shule za chekechea, makanisa na misikiti. Niliandika ubavuni mwa vifodi enzi hizo vikiwa ndiyo usafiri wa mji huu, na siku hizi naandika bajaji. Katikati hapo niliajiriwa kwa miaka kadhaa na kampuni moja ya kupeleka wageni mbugani. Sitaitaja, na haina haja, kwa sababu yaliyonikuta pale wenzangu wanayasimulia vilevile kutoka kampuni zingine za hapa mjini. Nasema tu kwamba hiyo idara isiyozalisha naijua kutokea ndani.

Nianze na magari, maana mwandishi wenu anapenda mambo yenye faida inayoonekana.

Mwaka huo kampuni yetu ilikuwa imeongeza magari, Landcruiser tupu, yote ya kaki, yote ya paa la kuinuka, yote yana nembo ileile ya mlima na jua. Mgeni aliyetoka kwao juzi haoni tofauti. Pale lango la Loduare, kabla ya kupanda Ngorongoro, mtu anashuka kwenda msalani, akirudi anafungua mlango wa kwanza anaouona, anakaa kwenye kiti cha watu na kuanza kutafuna korosho za watu. Ilishatokea familia moja ikaachana: baba yuko gari jingine anateremka kreta, mama na watoto wako getini wanamgongea mlango wa choo.

Ofisi ikakaa kikao. Ikaja na namba, kubwa, nyeusi, mlangoni. Zikabandikwa. Haikupita wiki, wageni wa gari la tisa wakataka kujua wao wamekosa nini, na wale wa gari la kwanza wamelipa shilingi ngapi zaidi.

Kikaoni sikuwepo. Fundi rangi aitwe kikaoni kufanya nini? Nilikuwa uani napiga rangi bampa iliyochunika. Dereva mmoja mtu mzima, tuliyezoea kumwita Babu, alikuja kukaa kivulini akanisimulia huku akicheka. Nikamwambia, Babu, mgeni namba haikumbuki, sura anaikumbuka, kila gari lipewe mnyama wake. Babu akanyanyuka akaenda kumwambia bosi, na kwa kuwa aliyesema ni Babu, bosi akakubali.

Nilianza na mbega, kwa sababu mbega ni wa kwetu, yuko msituni Meru pale juu, na wageni wengi wanakuja hawajawahi kumsikia. Mlango niliusugua kwa msasa wa maji mpaka ule mng'ao wa kiwandani ukafa, nikaufuta kwa tina, nikachora kwa chaki. Kazi ikawa kitasa. Kitasa cha Landcruiser kinakaa pabaya, kila mchoro unaouweka mlangoni kinaukata tumboni. Nilikaa chini nikakitazama hadi chai yangu ikapoa. Kisha nikampandisha mbega kwenye nguzo kando ya dirisha, amekaa kwenye tawi, na ule mkia wake mrefu mweupe nikaushusha moja kwa moja hadi kwenye kitasa, ukaishia hapo na shada lake. Kwa hiyo kila aliyefungua mlango alikuwa anamvuta mbega mkia. Watoto walifungua na kufunga mlango ule mpaka Babu akaanza kuzihurumia bawaba.

Baada ya hapo madereva wakawa wanagombania. Twiga akachukuliwa, nyati akachukuliwa, tai akachukuliwa na kijana mmoja wa Sanawari aliyejiona yuko juu ya wenzake. Akabaki fisi. Hakuna aliyemtaka. Dereva aliyeangukiwa na fisi alinifuata uani uso umemshuka: "Fundi, mimi nimekukosea nini? Wanangu wanione nashuka kwenye fisi?" Na ana haki yake. Kwetu fisi ni mlafi, na usiku ni usafiri wa watu wasiotajwa. Lakini kazi ilishaamriwa. Nikamchora amekaa kitako, kichwa amekiinamisha upande, sikio moja limeelekea dirishani, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Manyoya ya shingoni niliyachora kwa brashi iliyochakaa, maana brashi mpya inatoa unyoya uliochanwa, na fisi hachani.

Msimu uliofuata gari la fisi likaanza kuombwa kwa jina. Barua pepe zinaingia ofisini: tunakuja Februari, tunaomba gari la fisi, rafiki zetu walilipanda. Dereva akawa Baba Fisi mji mzima, na hakununa tena, kwa sababu tipu ilikuwa inamfuata huyohuyo fisi. Wageni kupotea magari kukaisha. Getini wanaelekezana wenyewe kwa wenyewe, "wewe wa ngiri, sisi wa mbega." Milango ikapigwa picha kuliko simba wengine wa Serengeti. Mwandishi wenu atuambie hapo nani alizalisha na nani hakuzalisha. Kopo la rangi lilinunuliwa Soko Kuu, na ofisi iliona risiti.

Sasa sehemu ya pili, ambayo siipendi lakini ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye karatasi ya mshahara niliandikwa "msaidizi wa rangi". Niliendelea kuandikwa hivyo wanyama wakiwa tayari wako kwenye magari yote. Siku moja nilikwenda kupaka rangi baraza la duka la hoteli fulani njia ya Karatu, nikamkuta mbega wangu kwenye kikombe cha kahawa. Mkia umeshuka kwenye mkono wa kikombe, wazo lilelile la kitasa. Pembeni kuna fulana ya fisi. Kumbe michoro ilipigwa picha, ikapelekwa kwa mtu wa kompyuta, ikawa bidhaa, na mimi nikiwa uani palepale kila asubuhi hakuna aliyevuka mlango kuniambia. Nilipouliza, afisa utumishi, mama mstaarabu kabisa ambaye hadi leo tunasalimiana, alinijibu, "Fundi, si unalipwa mshahara?"

Nimelifikiria sana jibu lile na silidharau. Mwenye kampuni alinunua muda wangu, rangi ni yake, milango ni yake. Lakini mshahara nilioukubali ulikuwa wa kupiga rangi bampa. Siku walipoanza kuuza kichwa changu walitakiwa wakae na mimi chini tuandikishane upya, hata kama nyongeza yenyewe ingekuwa ndogo. Angalau wabadilishe lile neno "msaidizi". Namsaidia nani kumchora fisi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeshamtambua aliyebuni kazi na haki yake ya kutajwa kuwa ndiye mwenyewe, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inapokea watu wanaotaka kusajili kazi zao. Wasanii wa muziki wameanza kuijua njia hiyo. Sisi wa brashi, wengi wetu COSOTA tunaisikia redioni wakitajwa wanamuziki, basi.

Na tabia hii ni ya nchi nzima, hata Serikali imo. Nembo ya Taifa nimeichora mara nyingi, kwenye mageti ya ofisi za kata na kwenye kuta za shule, kwa hiyo naijua hadi kucha: bibi na bwana wamesimama juu ya Kilimanjaro, miguuni karafuu upande wa bwana na pamba upande wa bibi, pembe za ndovu, ngao yenye mwenge, bendera, shoka, jembe, mkuki na mawimbi. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, ile mikunjo ya utepe wa "Uhuru na Umoja" imewaaibisha mafundi wengi. Mwezi Mei 2017 nchi ilishtuka kusikia kuna mzee, Francis Ngosha, anaishi kwa tabu Buguruni, Dar es Salaam, na anasema yeye ndiye aliyeichora. Waandishi wakamiminika, akapelekwa hospitali, na kabla mwezi haujaisha akafariki. Hapohapo wakatokea watu wakisema hapana, mchoraji ni mzee mwingine wa Kanda ya Ziwa. Nani alikuwa mkweli, siyo kazi yangu kuamua. Mimi kilichoniuma ni kwamba tulikuwa na mabishano. Nembo iko kwenye noti, kwenye pasipoti, kwenye kila barua ya Serikali, na mtoto wa shule hana mahali pa kusoma jina la aliyekaa na penseli akaipanga, asilibishie.

Mwingine ni Edward Saidi Tingatinga. Huyu jina halijapotea, ila ingia maduka ya vinyago ya hapa Arusha uone. Michoro ya tembo wenye madoadoa na ndege wenye mikia ya rangi zote imetundikwa kuanzia mlangoni hadi uani, na ukimuuliza muuzaji ni ya nani atakwambia ni "ya asili". Ya asili wapi! Ni ya kijana wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaanza mwaka 1968 kuchora kwenye mbao laini za kujengea dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu. Miaka minne baadaye, 1972, akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioendeleza, wakaja kuunda ushirika wao mwaka 1990. Rangi ile ya baiskeli ni hiihii ya mafuta tunayotumia sisi mabangoni. Ukiona inavyong'aa juani mpaka leo, utaelewa kwa nini aliichagua kwa jicho, hata kama mfuko ndio uliomtuma kwanza.

Mwandishi wenu anaweza kusema hizo ni hadithi za wasanii, kampuni ni kitu kingine. Basi nimpeleke kiwandani.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo pale Unga Limited, chumba cha kuchapa. Nguo nilizoziona utotoni nilizijua kwanza kutoka kwenye vidole vyake, alirudi na rangi kwenye kucha, na mama alijua kabla ya duka lolote mwezi huo kitenge gani kinatoka. Mle kiwandani kulikuwa na chumba cha wachoraji, watu wachache, meza ndefu, karatasi, penseli. Baba alikuwa akisimulia kwamba mchoro wa kanga haukuingia mitamboni hivihivi. Pindo lilikuwa na mtu wake, mji, ile sehemu ya katikati, ulikuwa na mtu wake, na jina, yale maneno ya kanga, liligombaniwa na wote hadi mfagiaji. Na kabla ya kuchapwa, karatasi ilipelekwa sokoni kwa akina mama waonyeshwe. Kuna maua yalikataliwa kwa sababu mama mmoja alisema yanaonekana yamelala na njaa. Mchoraji akarudi nayo, akayashibisha. Kiwanda kile kilikuwa na meneja, kilikuwa na wahandisi, na bado mitambo yote ile ilisimama ikisubiri mtu mmoja mwenye penseli amalize maua. Hakuna aliyemwita mtu huyo gharama.

Kiwanda kikafungwa, kama vilivyofungwa vingi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa nyumbani. Baba aliamka saa ileile ya zamu, akavaa, akakaa barazani. Alikuwa mtu wa mtambo, na mtambo haupo. Jirani yetu, mmoja wa wale wachoraji wa chumba kile, naye alikosa mshahara siku ileile. Ila yeye wiki iliyofuata alikuwa juu ya ngazi anaandika "Bucha" kwenye ukuta wa mtu, analipwa nyama. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Kipato chake hakikufikia nusu ya kile cha kiwandani na mkewe alilalamika mtaa mzima ukasikia, lakini mzee yule alikuwa anaimba akichanganya rangi, na akipita tena barabara ile baada ya siku kadhaa anasimama kuitazama ile "B" yake kutoka ng'ambo. Baba alikuwa anamwangalia. Hakuwahi kusema kitu, ila ni yeye aliyenipeleka rasmi kwa yule mzee nikajifunze, wakati watoto wa wenzake wanapelekwa gereji.

Nadhani hapo ndipo ninapotofautiana hasa na makala ile, Mhariri. Mwandishi anachukulia kwamba mtu anachora kwa kuwa hajapata kazi ya maana. Wazazi wa mji huu nao wanachukulia hivyo. Wananiletea vijana karakana na maneno yaleyale: "Fundi, huyu hajui kitu, yeye ni kuchora tu, labda utamsaidia." Binti mmoja wa Sombetini aliletwa hivyo na mama yake baada ya matokeo ya kidato cha nne kuja mabaya. Alikuwa halali usiku na haamki asubuhi, haongei. Nikampa ubao na herufi moja, S. Herufi S ni adui, ina mapaja mawili na ukizidisha moja inaanguka. Alikaa nayo, akaifuta, akakaa nayo tena, hadi wenzake wakaenda kula wakarudi. Sikumwambia chochote. Siku hizi bajaji nyingi mnazoziona zinatoka Sombetini na maandishi yenye kivuli cha dhahabu ni mkono wake. Mama yake alipita wiki hii kuniletea parachichi, akaniambia anaamka mwenyewe, tena mapema kuliko yeye. Hapo hajapata utajiri, bado hata ngazi yake hana. Amepata kitu cha kuamkia.

Mimi mwenyewe nilipotoka kampuni ile nilidhani nitaukumbuka mshahara, na kweli Januari ya ada niliukumbuka sana. Lakini kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya mama mmoja anayeuza ndizi soko la Kilombero, aliyetaka kibao. Nikamuuliza anataka watu wajue nini. Hakusema "ndizi bora" wala "karibuni wateja". Alisema, "Waambie zangu haziivishwi kwa dawa." Ukitazama ndizi iliyoivishwa kwa dawa, ganda lina njano moja kote na kikonyo bado kijani kibichi. Ile iliyoiva yenyewe inaanza kugeuka taratibu, ina vidoa vya kahawia, ina kona iliyotangulia. Nikamchorea mkungu wa kisukari wenye hatua zote hizo, kijani hadi kidoa. Sikuandika neno zaidi ya jina lake. Wateja wanaelewa, wengine wanasimama kubishana naye kuhusu ndizi zilizochorwa na zilizoko mezani. Alinilipa kidogo na chane mbili. Ile kazi nilitembea nayo kichwani siku nyingi nikiwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kwa kikombe cha mbega, na ndipo nilipojua sitarudi kuomba kuajiriwa uani kwa mtu.

Nakiri sisi nasi tuna yetu. Wapo wachoraji wanaokula advansi na kuzima simu. Wapo wa "kesho bosi" hadi Pasaka inapita. Meneja aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo simlaumu akiogopa. Lakini mhasibu akiiba hatuambiwi wahasibu wote hawazalishi.

Kuna hili jingine la kompyuta. Mameneja wa sasa wanasema akili mnemba inachora nembo kabla chai haijafika mezani, mchoraji wa nini? Haya. Barabara ya Sakina nimeona bango la kampuni ya safari, limechapwa vizuri, rangi zimekolea, na katikati yake kuna simbamarara anakunywa maji chini ya Kilimanjaro. Simbamarara! Mnyama huyo yuko Asia, Afrika hii hajawahi kuishi porini. Jingine lina tembo mwenye masikio madogo, wa India huyo. Dereva yeyote wa kwetu angeona, mpishi angeona. Kilichokosekana ni kumwonyesha mtu kabla ya kulipia. Chombo chenyewe sikichukii, binti wa Sombetini anakitumia kutafuta aina za herufi, na mimi nina printa ya stika karakana. Kinachonikera ni meneja anayefurahi kwamba hatalazimika tena kuzungumza na mchoraji, kwa sababu ni katika yale mazungumzo ndipo mtu anapokuuliza unataka watu wajue nini, na kampuni nyingi zikiulizwa hivyo zinakosa jibu.

Halafu kuna haya "mashindano ya nembo". Kampuni inatangaza vijana watume michoro, mshindi atapata cheti na fulana, na michoro yote itakuwa mali ya kampuni. Vijana thelathini wanafanya kazi bure ili mmoja apewe fulana, pengine yenye mchoro wake mwenyewe. Au unaombwa sampo kwa WhatsApp, unatuma, kimya, na baada ya miezi unaiona sampo yako ukutani imebadilishwa rangi tu. Kampuni hiyohiyo haiwezi kumwambia fundi bomba aje aunganishe choo kwanza, wakipenda mkojo unavyopita ndipo watamlipa.

Mji wetu ndiko lilikopitishwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilisema ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu walitajwa wa kwanza na fedha haikuwekwa kwenye orodha. Simtaki mwandishi wenu arudi ujamaa, hapana. Ila anayetaka kupunguza gharama Arusha na anaanza kwa kumfukuza mtu aliyechora fisi, sidhani kama amehesabu vizuri hata kwa hesabu za kibepari. Yule dereva wangu Baba Fisi angemweleza kwa lugha nyepesi, tena kwa kumwonyesha pochi.

Ninachoomba kwa kampuni si kikubwa. Mwiteni mchoraji kikao cha kwanza, tatizo likiwa bado bichi, msimwite cha mwisho kuja "kupendezesha". Mwandikeni kwa kazi yake. Mkianza kuuza mchoro wake nje ya kazi mliyomwajiri, kaeni naye muandikishane, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha. Na chini ya mchoro wekeni jina lake hata kwa herufi ndogo za mchwa, hatutalalamika ukubwa.

Kwa kuwa AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, Kenya na Uganda, na ule uwanja wa Olmoti hapa Arusha unajengwa uchukue watu 30,000, najua kazi ya mabango, kuta na milango ya magari itakuja kwa wingi, na itakuja kwa "tunaitaka keshokutwa". Wenye kampuni wanaosoma barua hii wajue kwamba rangi ya mafuta haikauki kwa amri ya bosi, na ukuta wa nje ukipakwa wakati wa masika unapasuka na kubanduka. Anayetaka ukuta wake upendeze wageni wakiwasili, aje tuzungumze kabla ya Machi ya mwaka huo. Advansi nusu, na namba za mlangoni sichori.

Wako,
Mchora mabango,
Ngarenaro, Arusha